Sola ya kanisa letu Kisoro: ya kwanza ilikufa, ya pili tulianza na maji ya moto

Watu wa makanisa mengine huku wananiuliza kila mara, "nyinyi mliweka sola ya kilo ngapi?", yaani kilowati, na naona hilo swali lenyewe ndilo lilitupoteza sisi mara ya kwanza, ndiyo maana nimeamua kukaa chini niandike kisa chote na hesabu zake, aliye kwenye kamati ya kanisa lake asome pole pole.

Tuko Kisoro, kona ya kusini magharibi ya Uganda, mlima Muhabura tunauona kila asubuhi kama ukungu haujaufunika. Mji uko juu, karibu mita 1,900, usiku joto linashuka hadi digrii 10 hivi, mgeni akitoka Kampala na shati moja kesho yake yuko sokoni anatafuta sweta. Kanisa letu ni la yale mawe meusi ya volkano, mabati juu, kazi ya wazee wetu. Ibada ya kwanza ni ya Kifumbira, lugha ya wenyeji, saa mbili, ya pili ni ya Kiswahili saa tano, hiyo ndiyo yangu, wengi wetu tulivuka hapo Bunagana kutoka Kongo miaka tofauti tofauti, wengine ni askari, wengine wachuuzi wa mpakani. Nyuma kuna ukumbi, jiko, chumba cha nasari, na gesti ya vyumba 6 ambayo ndiyo inalipa walinzi.

Sola ya kwanza iliwekwa 2019. Paneli 4 za wati 250, betri 4 za asidi za 200Ah (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri), na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi, ambayo fundi aliisifu sana, ya kilowati 3. Siku ya kuizindua kwaya zote mbili ziliimba, tukajua yaka, ule umeme wa gridi wa kulipia kabla, tumeachana nao. Miezi michache ikaanza hivi: ibada ya Kifumbira inaenda vizuri mpaka mwisho, ikifika yetu ya Kiswahili, katikati ya mahubiri, inveta inapiga kelele piii piii na spika zinanyamaza. Jenereta inawashwa pale dirishani, Mchungaji anapaza sauti, akina mama wa nyuma hawasikii chochote. Kila Jumapili. Na hapa lazima niseme wazi kwa sababu iliuma: watu wetu walianza kuamini wanafanyiwa makusudi, kwamba umeme ni wa wenyeji na wakimbizi tubaki na moshi wa petroli. Haikuwa kweli lakini ungewaambiaje, wakati ndiyo walichokuwa wanaona kwa macho yao? Mwaka na nusu haujaisha vizuri betri zote 4 zikafa kabisa, zikabaki kwenye chumba cha mavazi ya ibada zinatoa harufu.

2024 mwishoni baraza likaamua kanisa lifanyiwe ukarabati wote, paa pamoja na umeme, mimi nikawekwa kwenye kamati kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya waya. Kitu cha kwanza niliomba tusinunue hata msumari mpaka tujue ile ya kwanza ilikufa na nini.

Nilikuta mambo matatu. Maji ya betri yalikuwa yanaongezwa maji ya mvua kutoka tangi badala ya yale safi ya betri ya dukani, mlinzi hakuwa na kosa maana hakuna aliyemfundisha. La pili, chumba hakikuwa na dirisha, na betri za asidi zikichajiwa zinatoa gesi inayoweza kuwaka, kwa hiyo Mungu alituhurumia tu. La tatu ndilo kubwa: mtu alivuta waya mmoja kutoka inveta hadi gesti, wageni wapate mwanga usiku, ni wazo zuri, lakini soketi ni soketi, mgeni akiona soketi anachomeka birika, anachomeka pasi. Birika ni kilowati 2. Kuna wakati hata walijaribu ile bafu ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo, ambayo inakula kilowati 4 na nusu na kuendelea, inveta ikazima hapo hapo.

Niliwaeleza wazee hivi, na nashukuru huku kwetu kila mtu anajua tangi la mvua, maana kwenye mawe yetu haya maji yanazama chini yanapotea, bila mabati na tangi utateseka. Paneli ni mabati yako, ndiyo yanakinga. Betri ni tangi. Inveta ni bomba la kuchotea. Sasa fundi akikwambia amekuwekea kilowati 3 amekuambia ukubwa wa bomba! Bomba kubwa haliongezi maji kwenye tangi, linayamaliza haraka tu. Tangi letu lilikuwa hivi: betri moja ya volti 12 na 200Ah inabeba yuniti 2.4 (yuniti ni kilowati moja kwa saa moja), nne zinakuwa 9.6, lakini za asidi ukizishusha chini ya nusu unaziua, kwa hiyo zako halali ni 4.8. Yuniti 4.8 basi. Birika la kilowati 2 likichemka tena na tena, na pasi, Jumamosi usiku gesti ikiwa na wageni, Jumapili asubuhi unaanza na tangi nusu, ibada ya kwanza inakunywa iliyobaki, sisi wa saa tano tunakuta matope.

Alafu nikapiga hesabu ya kanisa lenyewe. Balbu 24 za LED za wati 10 kwa masaa 5 ni yuniti 1.2. Mixa, amplifaya, kinanda, magitaa yetu yale, tuseme wastani wati 500 kwa masaa 5, hiyo 2.5. Projekta yuniti 1. Jumla haifiki 5, ibada zote mbili. Yani ile sola ya 2019, pamoja na jua la Jumapili yenyewe, ingetosha. Ingetosha kabisa kama ingeachwa ifanye kazi ya kanisa peke yake, na miaka yote ile ya manung'uniko isingekuwepo. Niliposoma hiyo kwenye kikao kulikuwa kimya, mzee mmoja wa ibada ya Kifumbira akasimama akaja upande wetu akatushika mikono mmoja mmoja. Sikutegemea.

Sasa angalia upande wa joto. Gesti ikijaa unahitaji kama lita 300 za maji ya kuoga. Maji ya tangi letu asubuhi ni digrii 15 hivi, kuyafikisha 55 ni yuniti 14. Kwa siku moja! Wiki nzima 98, na kanisa lote na kwaya zake wiki nzima ni 5. Kwa bei ya umeme wa nyumbani, shilingi mia saba na kitu kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya elfu kumi kila siku ya kuogesha wageni tu. Kwa hiyo mtu anayekuja na kwotesheni ya "sola ya kila kitu", taa na maji ya moto kutoka betri moja, anakuuzia betri kubwa sana ya kufanya kazi ambayo jua linaweza kuifanya lenyewe bila betri. Mmoja alituletea kama hiyo, tulimshukuru tukamrudisha.

Paneli ya umeme inageuza karibu sehemu moja kwa tano ya jua kuwa umeme. Hita ya sola, ile yenye vioo na tangi juu, inanasa karibu nusu ya lile joto moja kwa moja. Uganda tunapata kama yuniti 5 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, hapa kwetu na ukungu ni pungufu kidogo, lakini ukilinganisha mita 4 za hita na mita 4 za paneli, moja inakupa kama 10 za joto na nyingine kama 4 za umeme. Na hiyo hita haina pampu wala betri, maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenda tangini na ya baridi yanashuka, basi. Kuganda kwa baridi sio shida kwetu, Kisoro hatufiki huko, kwa hiyo hata ile dawa ya kuzuia barafu hatukuihitaji.

Tukaamua: moto ufanyiwe na jua na kuni, umeme ufanye taa na sauti na vitu vidogo, na hizo mbili zisikutane popote kwenye waya. Hilo ndilo lilikuwa jambo lote, mengine ni utekelezaji.

Utekelezaji wenyewe ulianza na paa. Ukifunga paneli za kukaa miaka 25 juu ya mabati ya kubadilishwa baada ya mitano utalipa fundi mara mbili. Tulipofungua tulikuta kenchi mbili mchwa wameshazila ndani, nje zinang'aa na rangi. Uzito wa paneli sio mkubwa, moja ni kilo 22 hivi, 12 hazifiki 300 na zimesambaa, cha kuogopa ni upepo kuziinua kutoka chini, kila mwaka Uganda tunasikia paa la shule limeruka. Kwa hiyo reli zimefungwa kwenye mbao za kenchi zenyewe kwa bolti ndefu. Tangi za hita ni habari nyingine, lita 400 ni kilo 400 kabla hujahesabu chuma, hizo hatukuzipandisha paani kabisa, tulijenga mnara mfupi wa mawe nyuma ya gesti. Mawe ndiyo mali tunayo. Kila mtu alileta lake, watoto wa Sunday school walileta ya saizi yao, ibada zote mbili, na mnara ukasimama wiki tatu.

Kuhusu paneli zielekee wapi, watu walibishana kwa sababu mtandaoni wameona za Ulaya zote zinaangalia kusini. Sisi tuko kama digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita upande wa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, tofauti ni ndogo, cha muhimu ni usizilaze kabisa, weka mwinamo kidogo mvua ioshe vumbi. Tulichagua upande wa kaskazini kwa sababu kusini kuna mikaratusi ya jirani. Mnara wa kengele bado unatupiga kivuli kuanzia saa tisa mchana kwenye paneli mbili za mwisho, na paneli zikiwa zimefungwa kwa mfululizo mmoja hizo mbili zinavuta zote chini, kwa hiyo zile mbili tumezipa laini yake.

Kuna mzee alipinga kuweka chochote juu ya paa la nyumba ya Mungu, nilimheshimu, hakuwa anapinga kwa ubaya. Nilimwambia pale Vatikani penyewe ukumbi wa Paulo wa 6 uliwekewa paneli kama 2,400 mwaka 2008. Alifikiri, akasema basi zisionekane kutoka mlango mkubwa. Hazionekani.

Radi. Hapa niliwasumbua sana wenzangu na sijutii. Novemba 2024, Palabek, kambi ya wakimbizi huko Lamwo, watu walikuwa kwenye maombi ndani ya kibanda cha mabati, radi ikapiga, 14 wakafa na zaidi ya 30 wakaumia. Kwenye maombi. Wengine wetu tumeishi kambi, tumesali chini ya mabati kama hayo hayo, ile habari tuliisoma kama ya ndugu zetu wa nyumbani. Na sio kitu kipya, kanisa kuu la Namirembe liliungua kwa radi mwaka 1910. Sasa sisi tunapandisha chuma zaidi na nyaya juu ya jengo refu kuliko yote mtaani, alafu mtu ananiambia athi, yaani njia ya kushusha umeme wa radi ardhini, tutaweka baadaye pesa ikipatikana?

Shida yetu ni ardhi. Kwingine unapiga fimbo ya athi mita moja na nusu inaingia, huku nusu mita unakutana na mwamba wa volkano, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, fimbo ipo lakini haikusaidii. Tulichimba mtaro kuzunguka kanisa lote, tukalaza utepe wa shaba, tukajaza udongo mweusi tuliousomba bondeni kwa pikapu, na ncha zake zimeshuka hadi chini kabisa pale maji ya paa yanapomwagikia ili pabaki na unyevu. Fundi alipima akapata chini ya ohm 10 (ndiyo kipimo cha ardhi inavyozuia umeme, ikiwa ndogo ndiyo nzuri), na tulimlazimisha apime mbele yetu maana wengi wanaandika tu namba. Chuma cha kukinga radi kimekaa juu ya mnara wa kengele, fremu zote za paneli zimeungwa pamoja kwenye athi, na kwenye boksi kuna kinga ya umeme wa ghafla wa radi pande zote mbili, ya paneli na ya yaka. Hii ndiyo sehemu ilikula muda mrefu kuliko zote na haina mtu wa kuipiga picha.

Jiko nalo. Mama mpishi wetu, amepika hapo tangu mimi niko kijana, aliniambia, "Mwanangu, mnazungumza jua, jua, mimi moshi umeshakula macho." Alikuwa anapikia mafiga matatu. Na kuna kitu watu wa chini hawajui, huku juu maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi, na Kisoro bila maharage hakuna sherehe wala msiba. Tulifikiria bayogesi, tukaacha haraka: inataka ng'ombe wa kutosha wanaolala pamoja, inataka maji mengi kila siku, na ikiwa baridi inazalisha pole pole. Tukajenga jiko la matofali la kuokoa kuni, sufuria inazama ndani, moshi unatoka kwa bomba hadi juu ya paa. Ubavuni mwake kuna pipa la maji linalopashwa na joto la kuelekea bombani, siku za ukungu ndilo linaokoa gesti, mgeni anapelekewa ndoo ya moto kama zamani. Na hita moja kati ya mbili za lita 200 tumevuta bomba lake hadi jikoni, Mama anaanza maharage na maji ambayo tayari ni moto, na anayaloweka usiku, hiyo ya kuloweka ni bure na inapunguza kuni kuliko watu wanavyodhani.

Umeme wenyewe, sasa, ulikuwa rahisi kwa sababu mzigo ulishapungua. Paneli 12 za wati 400, betri za lithiamu za yuniti 10, hizi unaweza kutumia 8 au 9 bila kuziumiza, inveta ya kilowati 5 ambayo ikiishiwa inachukua yaka yenyewe. Mtu atauliza mbona kubwa hivyo kama kanisa linakula 5 kwa wiki. Kwa sababu kanisa lina ugonjwa wake: mzigo ni Jumapili na jua ni wiki nzima, betri inajaa Jumatatu asubuhi na paneli zinakaa bure mpaka Jumapili. Kwa hiyo tumezipa kazi, taa za gesti na nasari, taa za ulinzi usiku, kompyuta 4 za vijana ukumbini, na pampu ndogo ya kupandisha maji ya mvua kutoka tangi la chini hadi lile linalolisha hita. Pampu inafanya kazi saa nne hadi saa nane tu, kwa taimu, jua likiwepo. Vyumba vya gesti vina soketi za simu zenye breka ndogo, birika likichomekwa breka ya chumba hicho inaanguka peke yake, kanisa haliguswi. Chai ipo jikoni, wageni wamezoea.

Kazi ilifanyika Juni hadi Agosti 2025, kiangazi. Pesa sitaandika, kila kanisa lina bei yake, nitasema tu ilitoka kwa michango, sadaka ya mavuno, na watu wa ibada ya Kiswahili walijitolea siku za kazi ambazo hatukuzihesabu.

Mvua za Septemba hadi Novemba ndizo zilikuwa mtihani. Ibada ya saa tano haijazima hata mara moja. Jumapili mbili inveta ilijazia na yaka, hakuna aliyejua isipokuwa mimi niliyekuwa naangalia namba. Maji ya hita siku ya jua yanafika 60 na kupita, siku tatu mfululizo za ukungu nilipima 31, hiyo ni vuguvugu tu, ndipo pipa la jikoni likafanya kazi. Kuni, pikapu iliyokuwa inaisha wiki mbili sasa inakaribia mwezi. Jenereta tuliiuza.

Ambayo haijakaa sawa ni pesa ya betri. Zitachoka siku moja, na nilitaka sehemu ya mapato ya gesti iingie akaunti ya peke yake kila mwezi, baraza lilikubali, lakini miezi miwili kati ya mitano haikuwekwa kwa sababu kulikuwa na misiba. Naelewa misiba. Bado nimeomba irudishwe.

Na wiki iliyopita mama mkunga wa kliniki ya jirani alikuja na ombi, anataka waya kutoka kwenye betri zetu, friji ya dawa na taa ya kuzalishia usiku. Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo hapo hapo. Niliketi na yeye, tukaandika kila kitu anachotumia, friji, taa, kile kifaa cha kuchemshia vyombo, na hicho cha kuchemsha peke yake kilikuwa kinakula kuliko vingine vyote pamoja. Tumekubaliana hivi: vyombo vitachemshwa jikoni kwetu kwa Mama kuanzia Jumatatu, na zile paneli 4 za 2019, ambazo bado ni nzima kabisa, zitahamia kwenye paa lake na betri yake mwenyewe. Baraza linakaa Alhamisi kuamua nani ananunua hiyo betri.